Mzazi anayevuta sigara mbele ya mtoto: je, sheria imwadhibu?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Mbagala na mume wangu na watoto wetu wawili katika nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Mume wangu ni mtu mwema na anaitunza familia, ila anavuta sigara ndani, hasa usiku akitazama mpira, na pia kwenye gari asubuhi anapowapeleka watoto shule. Mdogo ana miaka minne na ana pumu. Mwaka huu tumeshakimbizana naye hospitali usiku mara tatu. Nikisema, ninajibiwa kwamba kodi ya nyumba analipa yeye, gari ni lake, na yeye mwenyewe alilelewa na baba mvuta sigara na hakufa. Nimesikia kwamba Uingereza mzazi wa namna hii hutozwa faini. Je, wakili, na kwetu wazazi waadhibiwe? Na kama sheria ipo, ninaweza kuitumia?

Jibu: Dada yangu, umeuliza maswali mawili katika pumzi moja, nami nitayatenganisha, kwa sababu jibu la moja si jibu la jingine. La kwanza ni la sera: je, inafaa nchi iwe na adhabu kwa mzazi anayevuta sigara mbele ya mtoto? La pili ni lako wewe na nyumba yako: ufanye nini wiki hii? Msimamo wangu nauweka mbele ili usiutafute katikati ya maelezo: ndani ya gari, ndiyo, adhabu iwepo, nayo iwe ndogo na ya hakika; ndani ya nyumba, adhabu ya jinai siiungi mkono, ingawa wajibu wa mzazi wa kumkinga mtoto na moshi huo upo, tena upo tayari katika sheria zetu. Na kwa kuwa nimekuita dada, mumeo nitamwita shemeji, maana ni yeye huyo huyo ambaye sheria tunayoizungumzia ingemkuta akiwa kwenye kochi lake anatazama mpira.

Tuanze na madhara, kwa sababu pasipo madhara hakuna hoja ya adhabu. Mimi si daktari, lakini katika jambo hili mawakili tumelazimika kuyasoma ya madaktari. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Sehemu kubwa ya moshi unaojaza chumba haitoki kinywani mwa mvutaji bali kwenye ncha ya sigara inayoungua yenyewe kati ya mvuto mmoja na mwingine, moshi ambao haukupita kwenye kichungi chochote. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, njia zake za hewa ni nyembamba, mapafu yake bado yanakua, na zaidi ya yote hana uwezo wa kuinuka na kuondoka. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilihitimisha kwamba hakuna kiwango cha moshi huu kinachoweza kuitwa salama, ikaorodhesha yanayowapata watoto: vifo vya ghafla vya wachanga usingizini, maambukizi ya njia ya hewa, ugonjwa wa sikio la kati, pumu inayozidi makali, na mapafu yasiyokua inavyopaswa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ukitumia takwimu za mwaka 2004, ulikadiria kwamba moshi wa sigara za watu wengine uliua watu wapatao 603,000 duniani kwa mwaka huo mmoja, na kati yao 165,000 walikuwa watoto. Vingi vya vifo hivyo vya watoto vilitokana na maambukizi ya mapafu, na karibu theluthi mbili vilitokea Afrika na Asia ya Kusini, si huko Ulaya ambako sheria za kuwakinga zimetungwa.

Kuhusu hoja ya shemeji kwamba yeye alilelewa katika moshi na hakufa, ni kweli hakufa, na watoto wengi waliolelewa hivyo hawakufa. Wengi pia walisafiri wakiwa wamepakatwa kwenye kiti cha mbele bila mkanda na wakafika salama, lakini hakuna anayesema leo kwamba kufika kwao kunaufanya mkanda kuwa upuuzi. Aliyekufa hayupo barazani kutoa ushahidi wake. Isitoshe, ninyi hamzungumzii mtoto yeyote tu, mnamzungumzia mtoto mwenye pumu iliyothibitishwa, ambaye kifua chake kimeshatoa majibu mara tatu mwaka huu.

Niweke tahadhari moja hapa. Wanaopigania sheria za namna hii nao hutia chumvi wakati mwingine. Mwaka 2011 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilidai kwamba sumu ndani ya gari la mvutaji inaweza kufika mara 23 ya ile iliyokuwa kwenye baa zenye moshi, kisha kikalazimika kusahihisha na kusema ni mara 11. Mara 11 ilikuwa inatosha kabisa kuithibitisha hoja yao, ila wapinzani wakapata la kucheka. Kwa hiyo usimwambie shemeji jambo ambalo akilitafuta kwenye simu yake atalikuta si kweli.

Sasa hiyo Uingereza uliyoisikia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, England na Wales, ni kosa kuvuta sigara ndani ya gari binafsi lililofunikwa likiwa na zaidi ya mtu mmoja na mmoja wao akiwa chini ya miaka 18. Faini yake England ni pauni 50, na haijalishi kama dirisha liko wazi, kiyoyozi kinafanya kazi, au mvutaji amekaa kwenye kiti chake na mlango umeachwa wazi. Gari la kukunjwa paa, likiwa limekunjwa lote, halihusiki. Kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka nami nataka ulisome polepole: dereva anaweza kuadhibiwa kwa kosa lake la pekee la kutomzuia abiria anayevuta. Yaani sheria haikumlenga mzazi kwa kuwa ni mzazi. Ilimlenga mtu yeyote aliye ndani ya kile kisanduku cha bati pamoja na mtoto, awe baba, mjomba, rafiki wa baba, au dereva wa kukodi. Scotland ilifuata Desemba 2016 kwa faini ya papo kwa papo ya pauni 100.

Uingereza haikuwa ya kwanza. Jimbo la Australia Kusini lilianza mwaka 2007, California mwaka 2008, na hapa Afrika, Afrika Kusini ilipiga marufuku mwaka 2009 kuvuta ndani ya gari lenye mtoto chini ya miaka 12. Umoja wa Falme za Kiarabu, waliko ndugu zetu wengi kikazi, nao wana katazo la aina hiyo hiyo kwa mtoto chini ya miaka 12. Ukiziangalia sheria zote hizi kwa pamoja utaona kitu kimoja: zinaanzia mlangoni mwa gari na kuishia hapo. Jiji la Tokyo, lililopitisha kanuni ya kuwakinga watoto na moshi, ikaanza kutumika Aprili 2018, liliingia hadi ndani ya nyumba na kumtaka mzazi asivute katika chumba alimo mtoto, lakini halikuweka adhabu yoyote. Watunga sheria wale hawakuwa waoga. Walifika kwenye kizingiti, wakapima, wakaona kwamba upande wa pili sheria inahitaji sauti tofauti.

Je, hiyo ya magari imefaa kitu? Watafiti waliwauliza watoto wa England wa miaka 13 hadi 15. Mwaka 2014, kabla ya sheria, asilimia 5.9 walisema kwamba huvutiwa moshi garini mara kwa mara. Mwaka 2016, baada ya sheria, walibaki asilimia 1.6. Na jambo la kushangaza ni kwamba faini zilizotozwa zilikuwa chache mno, kwa sababu polisi wenyewe walichagua kuonya na kuelimisha kuliko kuandika karatasi za malipo. Hii inaonyesha jinsi sheria ndogo inavyofanya kazi. Haikuwaogofya watu kwa ukubwa wa adhabu. Ilimpa mama aliyekaa kiti cha pembeni maneno ambayo hakuwa nayo. Kabla yake angesema, “Naomba uzime,” na ombi hilo lingekuwa la mke kwa mume, lenye historia yote ya ndoa nyuma yake. Baada yake anasema, “Uzime, tutasimamishwa,” na mzozo unahamia kwa mtu wa tatu ambaye hayumo garini. Ninyi kina mama mnajua tofauti ya sentensi hizo mbili kuliko mimi.

Utaniuliza kwa nini basi nisiivushe hoja hiyo hiyo hadi sebuleni, wakati mtoto anakaa garini nusu saa na nyumbani saa kumi na mbili. Kwa hesabu ya moshi pekee, una haki ya kuuliza. Lakini gari ni mahali ambapo dola imeshaingia zamani. Shemeji akiwasha gari lake amekubali leseni, bima, mkanda, kipima mwendo na askari wa usalama barabarani kuchungulia dirishani bila hati ya mahakama. Kuongeza sigara kwenye orodha hiyo hakubadilishi uhusiano wa raia na serikali hata chembe. Nyumba ni kitu kingine. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya makazi yake, na ingawa faragha si ngao ya kumdhuru mtoto, anayetaka kuivunja sharti aonyeshe kwamba atakachopata ndani kinalingana na alichokivunja ili kuingia.

Sasa fikiria jinsi kosa hilo la nyumbani lingethibitishwa. Sigara huisha katika dakika tano. Askari hawezi kuwapo. Atakayepeleka habari ni jirani wa chumba cha pili anayegombana nanyi juu ya mgawo wa umeme, au mwenye nyumba anayetaka mhame ili apandishe kodi, au wifi mliyekosana, au wewe mwenyewe. Na shahidi mkuu atakuwa nani kama si mtoto, aulizwe mbele ya watu wazima wasiomjua: “Baba alivuta mara ngapi?” Nimekaa katika mashauri ya familia miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mtoto akishageuzwa shahidi dhidi ya mzazi wake, hata pale inapokuwa ni lazima, kitu fulani huharibika ambacho hukumu hairudishi. Kwa kosa la ubakaji au kipigo tunakubali gharama hiyo kwa sababu hatuna njia nyingine. Kwa sigara njia nyingine zipo.

Kuna pia suala la nani hasa hulipa faini. Niliwahi kusimama kwenye korido ya mahakama ya mwanzo, nikisubiri shauri langu, wakati mwanamume mmoja alipotoka ndani akiwa ametozwa faini kwa fujo za ulevi. Yeye alikaa benchi. Aliyekwenda kulipa alikuwa mkewe. Alifungua fundo la pembe ya khanga, akahesabu noti za elfu mbili mbili na za elfu moja, akazipanga mapajani, akahesabu tena, kisha akamwomba binti aliyekuwa naye, wa darasa la tatu au la nne, atoe na ile aliyomwekea ya daftari. Sijui mwanamume yule aliacha pombe au hakuacha, lakini adhabu ile niliiona ikishuka juu ya kichwa kisichokuwa na kosa. Kwa takwimu za utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, wanaotumia tumbaku Tanzania ni karibu asilimia 15 ya wanaume na asilimia 3 ya wanawake. Katika kaya nyingi, basi, faini kubwa ya nyumbani ingetozwa baba na kulipwa na mama, na kama ingekuwa kifungo, mtoto yule yule tuliyetaka kumkinga angekosa ada.

Lakini sababu inayonisukuma zaidi iko chumba cha daktari. Mtoto wako akifika na kifua kinapiga filimbi, daktari atauliza, “Nyumbani kuna anayevuta?” Matibabu yote yanategemea jibu la kweli. Siku jibu hilo litakapokuwa ungamo la kosa la jinai, wazazi wataanza kudanganya, na wengine hawataleta mtoto mapema. Hili limeshatokea kwa namna nyingine. Katika mji wa Charleston, Marekani, kuanzia mwaka 1989, hospitali moja ya umma ilishirikiana na polisi kuwapima wajawazito matumizi ya kokeini na kuwakabidhi waliokutwa nayo. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kuwapima bila ridhaa kwa ajili hiyo kulivunja Katiba. Madaktari wengi walikuwa wamelalamika tangu mwanzo kwamba mama mwenye hofu ya polisi hukimbia kliniki, na anayeumia ni yule yule aliye tumboni. Kokeini ni kosa hata kwa mtu aliye peke yake. Sigara si kosa. Je, hofu itakuwa ndogo kweli?

Na tusijifanye hatuoni jiko la mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa kupikia na nishati chafu za nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mama anayechochea kuni katika jiko lisilo na dirisha, mtoto mgongoni, anampa mwanawe moshi mwingi kuliko sigara nyingi. Hakuna atakayethubutu kupendekeza kwamba ashtakiwe, na ni sawa, kwa sababu asipopika watalala njaa. Sisemi kwamba moshi wa aina hizi mbili ni sawa mbele ya haki, kwani ugali ni hitaji na sigara si hitaji. Ninachosema ni kwamba tulipoukuta moshi wa jiko tulijibu kwa majiko banifu, gesi na ruzuku, tukamchukulia mama kama mtu wa kusaidiwa. Ni vizuri kujiuliza kwa nini kwa huu mwingine mkono unakwenda moja kwa moja kwenye pingu. Mvutaji naye, kama umewahi kumwona akitafuta kipisi saa sita usiku, si mtu aliye huru kama anavyojidai. Nikotini imemshika, naye huona aibu kukiri hivyo mbele ya mkewe.

Hayo yote hayamaanishi kwamba nyumba ni kisiwa. Swali lako la pili lilikuwa kama sheria ipo, na jibu ni kwamba ipo, ingawa si ya sigara. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 mhimili wake ni mahali pa umma, matangazo, na mauzo kwa walio chini ya miaka 18. Haikutungwa kwa ajili ya sebule yako. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 9, inamtaka mzazi amkinge mtoto dhidi ya kutelekezwa, ukatili, unyanyasaji na hatari za kimwili na kimaadili, na kifungu cha 14 kinaweka adhabu kwa anayekiuka sehemu hiyo ya sheria: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wakili mwenye nia angeweza kusimama na kudai kwamba kumvutia sigara mtoto mwenye pumu, baada ya daktari kuonya, ni kumwacha katika hatari ya kimwili. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Msomaji wa Zanzibar ana Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Msomaji wa Kenya ana Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ambayo kwa kuvuta hadharani inafika faini ya shilingi 50,000 za huko au kifungo cha miezi sita, na ana Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inayoyatanguliza maslahi ya mtoto kuliko yote.

Je, nakushauri uende na kifungu cha 14? Hapana, si kwa haya uliyonieleza. Kifungu kile kimetengenezwa kwa mzazi aliyekataa kabisa, siyo kwa mzazi ambaye bado hajaketishwa chini na mtu anayemheshimu. Kitumike pale ambapo mtoto ameshalazwa, daktari ameshasema kwa maandishi, ustawi wa jamii wameshakuja, na mzazi bado anawasha sigara kando ya kitanda. Hapo sitakuwa na huruma naye.

Kuna eneo jingine ambako sigara huingia mahakamani bila kuitwa kosa, nalo ni malezi ya mtoto wazazi wanapoachana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaweka ustawi wa mtoto kuwa jambo la kwanza katika kuamua akae na nani, na mahakama haizuiwi kuangalia hewa ya nyumba anayokwenda. Mwaka 2002 mahakama moja ya jimbo la New York ilimkataza mama kuvuta mahali alipo mwanawe kama sharti la kutembelewa naye, ingawa mtoto hakuwa na pumu. Amri ya namna hiyo, inayoelekezwa kwa mtu mmoja kuhusu mtoto mmoja baada ya kusikiliza pande zote, mimi naiona kuwa bora mara nyingi kuliko kosa la jumla linalowapiga wote kwa rungu moja. Sikutajii hili ili ulipeleke nyumbani kama tishio. Umesema mumeo ni mtu mwema, nami nakuamini.

Nyumbani kinachobadilisha watu kimeonekana, na hakikuwa polisi. Scotland ilipopiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma yaliyofungwa, Machi 2006, wapinzani walisema wavutaji watarudi kuvutia nyumbani na watoto ndio watakaoumia. Watafiti wakapima kotinini, masalia ya nikotini yanayoonekana kwenye mate, kwa wanafunzi wa miaka kama 11 kabla na baada ya sheria, na kiwango kikashuka kwa asilimia 39 katika mwaka mmoja. Watu walipozoea kutoka nje ya baa, wakazoea pia kutoka nje ya sebule. Hata hivyo, watoto ambao mama zao au wazazi wote wawili walikuwa wavutaji hawakunufaika kiasi cha kujivunia, na hapo ndipo penye deni bado. Mwaka 2014 serikali ya huko ikaanzisha kampeni ya kuwaambia wazazi jambo moja tu, kwamba toka nje kabisa, kwa sababu kusimama dirishani au jikoni hakumkingi mtoto, na sehemu ya watoto wanaovutiwa moshi nyumbani ikashuka kutoka asilimia 11 hadi 6 kufikia mwaka uliofuata. Hawakuambiwa waache, waliambiwa watoke. Agizo ambalo mtu analiweza leo usiku lina nguvu kuliko agizo analoliahirisha hadi Januari.

Kwa hiyo, ningeulizwa na kamati ya Bunge, ningependekeza kifungu kifupi ndani ya sheria ya usalama barabarani: asivute mtu yeyote ndani ya gari lenye mtoto chini ya miaka 18, dereva awajibike hata kama mvutaji ni abiria, miezi sita ya kwanza iwe ya onyo, na faini isizidi ile ya makosa madogo ya barabarani. Najua pingamizi litakalotoka kwanza kwenye kijiwe chochote cha kahawa: mmewaongezea trafiki njia nyingine ya kuomba hela ya soda. Pingamizi hilo ni zito na silipuuzi. Ndiyo sababu nataka faini iwe ndogo, kwani kosa lenye faini kubwa ndilo linalonunulika kando ya barabara, na ilipwe kwa namba ya malipo tu kama zinavyolipwa nyingine sasa, askari asishike noti. Hata hivyo sitadai kwamba itakuwa safi. Nasema tu kwamba hata ikitumika mara chache, mama wa kiti cha pembeni atakuwa amepata sentensi yake.

Tukirudi Mbagala. Usianze na sebule, anza na gari, kwa sababu safari ni fupi na shemeji anaweza kuivumilia bila kujiona ameshindwa: avute kabla ya watoto kuingia, au baada ya kuwashusha, na lile kopo la majivu litoke garini kabisa. Sebuleni, pendekezo liwe la mahali. Uani kuna ukuta na kuna benchi; spika ya simu inaweza kumfikishia mtangazaji wa mpira hadi pale. Mlango ufungwe nyuma yake, na akirudi anawe mikono na kubadilisha shati kabla ya kumbeba mdogo, maana sumu hubaki kwenye nguo na mapazia saa nyingi baada ya harufu kukoma.

Andika kwenye daftari tarehe na saa za kila shambulio la pumu, na usiku ule kulikuwa na nini, bila kumtaja mtu kwa ubaya. Kisha kliniki ijayo usiende wewe. Mwache baba ampeleke mtoto, na daftari hilo liwe mfukoni mwake, aulizwe yeye na daktari lile swali la nani anavuta nyumbani. Maneno ambayo umeyasema mara arobaini yana uzito mwingine yakisemwa na mtu aliyeshika kipimo cha kifua. Amuulize papo hapo na juu ya msaada wa kuacha. Ikiwa baada ya hapo hakuna kilichobadilika na mtoto anaendelea kuzidiwa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yako, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, ueleze hali kama ulivyonieleza mimi. Afisa huyo hana pingu. Kazi yake ya kwanza ni kuwaita wote wawili na kuzungumza. Ushahidi huo wa maandishi, daftari lako na karatasi ya daktari, ndio utakaohitajika ikiwa siku moja itabidi mtu kama mimi asimame mbele ya hakimu, na kwa jinsi ulivyomwelezea shemeji, natarajia utabaki kwenye droo.